Zuhura wa Kwenye Barua

Jumamosi, 5 Juni 1993

Nimesahihisha Hisabati ya Darasa la Tano mpaka macho yanauma. Watoto arobaini na wanane, waliofikisha nusu ni kumi na mmoja. Mmoja ameandika kuwa robo ni kubwa kuliko nusu, kwa sababu nne ni kubwa kuliko mbili. Nimempa kosa, kisha nikacheka peke yangu. Nami utotoni niliamini hivyohivyo.

Kufua. Kupiga pasi. Gaudensi karudi kutoka Maposeni na magunia ya mahindi, vumbi mpaka kwenye kope. Tangu watu binafsi waruhusiwe kununua mazao, mume wangu hatulii nyumbani. Zamani alikuwa karani wa mizani wa ushirika. Sasa tuna pikapu. Sukari tunanunua Majengo bila foleni, na sabuni mtu anachagua rangi.

Ila pikapu imeniondolea visingizio. Miaka yote niliandika: Mama, nauli. Mama, barabara. Mama, mvua. Leo imefika barua ya kaka Hamisi kutoka Lindi. Mwaka huu Mama anataka tuwepo wote kwenye hitima ya bibi yetu. "Mwenye jina lake lazima aje," ameandika, na akapiga mstari.

Sijala.

Jumanne, 8 Juni

Niandike ukweli hapa, maana hakuna pengine ninapouandika.

Nililetwa Songea na ualimu mwaka 1979. Nikampenda Gaudensi, Mngoni, Mkatoliki. Nikabatizwa, tukafunga ndoa kanisani. Jina la ubatizo Kristina. Hakuna aliyenilazimisha, na imani yangu siionei haya. Ninachoonea haya ni barua. Nilimwandikia Mama kwamba mchumba amesilimu. Baba alikuwa ameshafariki, kwa hiyo Hamisi ndiye walii wangu, naye akatuma barua ya uwakala ili shehe wa huku aniozeshe kwa niaba yake. Sikuipeleka kwa shehe yeyote. Iko chini ya sanduku la nguo mpaka leo.

Mtoto alipozaliwa tulimbatiza Agnes. Kwa Mama nikaandika: nimemwita Zuhura, jina la mama yako.

Nilitaka kumfurahisha. Hapana, nafuta. Nilitaka asiulize mengine.

Mama alikuwa bado analia msiba wa mama yake. Akachinja mbuzi wa akika, akagawa nyama mtaa mzima. Tangu hapo kila barua yake huanza hivi: "Mama yangu Zuhura hajambo?" Kwetu ndivyo. Mtoto akipewa jina la mzazi wako, naye ni mzazi wako. Mungu hakunipa mtoto mwingine wa kurekebishia mambo. Ni huyu mmoja, na ana miaka kumi.

Alhamisi, 10 Juni

Namfunza Agnes. Namwita "Zuhura!" ghafla, akiosha vyombo, akiruka kamba. Akigeuka nampongeza. Asipogeuka tunarudia. Nafundisha uongo kama ninavyofundisha tebo ya saba. Mwanafunzi ni mwepesi, kwa bahati mbaya.

Nimemwambia: kwa Bibi hatufanyi ishara ya msalaba kabla ya kula. Kwa Bibi hatutaji misa. Kwa Bibi wewe ni Zuhura na mimi ni Somoe, jina langu la kuzaliwa. Akauliza, "Na Padre akisikia?" Nikasema Padre hasafiri nasi. Jibu la kipumbavu. Mtoto alinitazama kama ninavyowatazama wale wa robo na nusu.

Gaudensi: "Kwa mdomo wangu sitasema uongo. Lakini sitakuumbua."

Nimetoa rozari kwenye kioo cha gari. Nimekwangua na picha ya Bikira Maria iliyobandikwa humo, kwa kisu cha mezani. Gundi imebaki, alama ya mraba. Nimeifunika kwa kalenda ndogo.

Jumamosi, 12 Juni

Tunduru. Tumetoka Songea kabla ya jua, tumefika jua limezama. Mchanga, mashimo, daraja moja la magogo tulilovuka kwa miguu mimi na Agnes huku Gaudensi akipita na gari peke yake. Nyuma tumepakia mahindi, maharage, ulezi na blanketi la Mama. Tumelala gesti. Kunguni.

Njia ya mwongo fupi, wanasema. Yangu inaelekea kufika Lindi.

Jumapili, 13 Juni

Hakuna misa. Mara yangu ya kwanza kukosa kwa makusudi.

Nakapanya tumesimama kununua korosho. Mama muuzaji, Myao, alipomsikia Gaudensi akiongea tu, akajua. "Mngoni! Babu zako walikuja na mikuki kutuibia watu, wewe umekuja na gari? Leo mnabeba wangapi?" Gaudensi akamjibu kwamba amekuja kurudisha waliobaki, maana wanakula sana. Wakacheka mpaka wakashikana mikono. Akatuongezea korosho kikombe kizima kwa ajili ya utani. Muda mrefu sijamwona mume wangu akicheka namna ile. Pale hakuwa na kitu cha kuficha.

Kisha yule mama akamgeukia mtoto. Jina lako nani, mwanangu? "Zuhura," akajibu, hata hakumeza mate. Hakuna aliyemwagiza adanganye Nakapanya. Nilipaswa kufurahi kwamba somo limeingia. Niligeuza uso nikajifanya nahesabu magunia. Pasaka iliyopita tu mtoto huyu alipokea Komunio ya Kwanza, nami nilimshonea gauni jeupe kwa mkono wangu.

Tumelala Masasi.

Jumatatu, 14 Juni

Lindi.

Mji umechakaa kuliko nilivyouacha. Maghorofa ya zamani karibu na bandari yameota miti ukutani. Duka nilikokuwa nikitumwa chumvi limekuwa banda la mitumba. Lakini harufu ileile, chumvi na nazi iliyoungua kidogo, na mwili wangu ukaitambua kabla sijajiandaa. Nikalia garini. Gaudensi akapunguza mwendo.

Mama amepungua. Amekuwa mdogo, mkono wake wote unaenea kwenye kiganja changu. Sikuwa nimemwona miaka kumi na miwili. Nikapiga magoti, shikamoo Mama, naye akanipita! Alikwenda moja kwa moja kwa mtoto. Akainama, mtu mzima wa miaka sabini, akamshika miguu. "Shikamoo, mama."

Agnes akanitazama. Hilo sikuwa nimemfundisha. Kisha akasema polepole, "Marahaba." Mama akacheka na kulia kwa pamoja, na majirani wote wakacheka, na mimi nikacheka.

Natamani ningekufa pale mlangoni.

Jumanne, 15 Juni

Mama alfajiri ananiamsha kuswali. Nimemwambia niko kwenye siku zangu. Uongo huo una umri wa siku saba, nane kwa kuvuta. Nimefanya hesabu, unatosha.

Gaudensi hana siku zake. Kila adhana ikilia, yeye yuko chini ya gari na spana. Alfajiri chini ya gari. Adhuhuri chini ya gari. Hamisi, ambaye ni mcheshi tangu utoto, amesema mbele ya watu: "Gari la shemeji lina ibada zake. Linaharibika mara tano kwa siku." Watu wakavunjika mbavu. Gaudensi akacheka kule chini, niliona miguu yake ikitikisika. Jioni, mgongo wote mafuta machafu, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba gari ni zima kabisa na amechoka kulifungua. Amevumilia kwa ajili yangu. Sijui kama mimi ningemvumilia.

Jumatano, 16 Juni

Mama anamfundisha Agnes Alhamdu. Siku mbili tu, keshaishika. Wanakaa kwenye mkeka uani, Mama anamsuka huku anamsomesha, mtoto anarudia macho yamefumba. Nilisimama nyuma ya mlango. Sura ileile bibi Zuhura alinifundisha mimi kwenye ua uleule. Midomo yangu ilikuwa inafuata.

Agnes amenipita na kibuyu cha maji, anaimba. Nikamnong'oneza, unachoka? Akasema hapana. Akasema nyumbani hakuna mtu anayemwita mama.

Aibu nyingine hiyo, sikuipangia.

Alhamisi, 17 Juni

Sijui nianzie wapi.

Hitima ilisomwa alasiri. Wanaume barazani, wanawake uani. Agnes kavaa baibui dogo la kuazima. Mama akamsimamisha katikati, akawaambia wenzake, "Huyu ndiye mama yangu, katoka Songea kuja kujisomea mwenyewe." Akasoma Alhamdu bila kukosea hata herufi. Wanawake wakamwombea dua. Mama uso wote ulikuwa unang'aa. Nikasema moyoni: limepita. Kesho kutwa tunaondoka. Limepita.

Sinia likaletwa. Tulikuwa sita, Mama mbele yangu, misbaha bado mkononi. Wali wa nazi, nyama. Tukanawa. Nilikuwa nimelegea, nimechoka, nina njaa ya kwanza tangu tuondoke Songea. Na mkono wangu wa kulia ukapanda wenyewe. Kwenye paji la uso. Kifuani. Bega la kushoto.

Mimi! Siyo mtoto. Mtoto niliyemwonya mara mia alikuwa ameshasema Bismillahi na tonge liko mdomoni.

Kabla mkono haujafika bega la pili Mama akaudaka. Akaubana kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo, akautia kwenye wali. "Kula, mwanangu." Bi Mwanaidi, jirani yetu wa tangu utotoni, alikuwa ameacha kutafuna. Mama akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ana maumivu ya bega huyu. Huko Songea walimchoma sindano vibaya, haliachi kumsumbua." Bi Mwanaidi akasema pole. Nikasema nimeshapoa.

Mama yangu hajawahi kusema uongo mbele yangu. Alitupiga fimbo kwa uongo. Leo amesema mmoja, kwenye hitima ya mama yake mzazi, misbaha mkononi, kwa ajili ya kunisitiri. Baada ya hapo hakunitazama tena. Aligawa chakula, aliaga wageni, alikunja mikeka.

Agnes aliniona. Nilimwona anavyoniona.

Ijumaa, 18 Juni

Asubuhi Mama alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Akaniita. Hakuacha kukuna.

"Yule mtoto jina lake nani?"

Nikasema. Agnes. Lilitoka dogo sana.

Akamaliza kifuu. Akachukua kingine. Nikamweleza yote: kanisa, ubatizo, barua ya Hamisi. Sikujitetea, au labda nilijitetea kidogo. Nilisema niliogopa kumuumiza. Hapo ndipo aliponyanyua macho.

"Ungeniambia umefuata dini ya mume wako ningelia mwaka mzima, kisha ningenyamaza. Mimi ni mama, ningefanya nini? Lakini wewe ulinirudishia mama yangu. Nikamchinjia mbuzi. Kila Ijumaa namwombea. Sasa niambie, dua zangu zote hizo zimemwendea nani?"

Mwalimu wa miaka kumi na minne, nikaanza kuokota vifuu.

Kisha akasema: "Hamisi mwambie mwenyewe. Mimi nimeshasema uongo wangu mmoja jana, unanitosha."

Mchana akatenga chakula. Akasema, "Agnes, karibu." Kwa upole. Kwa adabu zote. Akampa kipande kizuri cha samaki, kama anavyompa mtoto wa mgeni. Agnes alibaki amesimama, anamngoja aseme lile neno jingine. Halikuja.

Mama hakumkaripia mtu. Heri angenikaripia. Angenipiga na kifuu cha nazi.

Jumamosi, 19 Juni

Nimemwambia Hamisi asubuhi, tukifunga turubai. Nilikuja na ile barua yake ya uwakala kutoka Songea, sijui kwa nini niliipakia. Nimemrudishia. Aliifungua, akausoma mwandiko wake mwenyewe wa ujana, akaikunja akaitia mfukoni. Kisha akamsaidia Gaudensi kukaza kamba upande wa pili. Nilingoja anitanie. Ningelipia kusikia utani mmoja tu, hata mchafu. Akasema, "Barabara ya Mtama ni mbaya, mwende taratibu." Akampa Gaudensi mkono. Mimi akanipungia.

Gaudensi ndiye aliyenishangaza. Alimfuata Mama jikoni peke yake. Sikusikia walichoongea. Alipotoka macho mekundu, akaniambia tu kwamba ameomba radhi kwa sehemu yake, na kwamba Mama alimwuliza jina lake halisi. Miaka kumi alimjua kama Baba Zuhura.

Mama aliagana na mtoto kwa mkono. "Agnes, safari njema. Usome." Agnes akapiga magoti, shikamoo Bibi. Mama akaitikia. Akaitikia tu marahaba kama mtu mzima anavyomwitikia mtoto. Blanketi nililomletea alikuwa amejifunga mabegani. Sijui ni baridi au ni kunihurumia.

Jumapili, 20 Juni

Masasi mpaka Tunduru. Nimemwita mtoto kwa jina la Agnes, hakugeuka. Nikajaribu, Mungu anisamehe, nikamwita Zuhura. Hakugeuka pia.

Karibu na Tunduru, bila kunitazama, akasema: "Ulinifundisha kuitika. Hukunifundisha kuacha."

Gaudensi akasimamisha gari. Akazima injini, akashika usukani mpaka lori la nyuma likatupigia honi.

Jumanne, 22 Juni

Songea jana usiku. Vumbi kila kitu. Nimefua. Gaudensi kasharudi Maposeni, bei ya mahindi imepanda na wachuuzi wa Makambako wamefika. Majirani wanauliza, Lindi vipi, mmeoga baharini? Nasema tumeoga.

Hatukuiona hata bahari vizuri.

Jumamosi, 26 Juni

Nimeungama. Padre alisikiliza yote, hata mkono, hata sindano ya bega. Akanipa malipizi, nimeyasali. Aibu iko palepale. Nilifikiri ningeiacha kanisani. Mungu kanisamehe, naamini. Lakini si Mungu niliyemwandikia barua.

Nimekaa leo kumwandikia Mama. Zamani kurasa nne zilijaa zenyewe: Zuhura anaota meno, Zuhura anaanza juzuu, Zuhura anakusalimu. Kalamu ilikuwa inakimbia. Leo nimeandika mistari mitatu, nikachana. Nimeandika miwili, nikachana.

Alhamisi, 1 Julai

Baridi. Asubuhi maji ya kisima yalitoa moshi.

Agnes ameandika barua yake mwenyewe. Hakuniomba karatasi, alichana katikati ya daftari la Sayansi. Hakuificha pia. Aliiacha mezani, wazi, akaenda kuota jua na wenzake. Nimeisoma. Anasema wamefika salama. Anasema Alhamdu bado anaikumbuka, na Baba Yetu anaijua vilevile, Bibi akitaka atamsomea zote mbili. Anauliza kama Bibi ana baridi. Anauliza kama aje tena Desemba.

Mwisho ameandika, "Mimi mjukuu wako," na mbele yake hakuandika jina. Ameacha nafasi. Chini, kwa herufi ndogo: "Bibi, hapo utaandika wewe."

Nilikuwa na kalamu mkononi. Nilitaka kuongeza salamu, au samahani, au chochote. Nimeiweka chini kalamu.

Nimeikunja barua ya mtoto kama ilivyo, nikabandika stempu.